Goma: Kichujio au bidoni ya chukudu? Familia moja ya Kyeshero yapiga hesabu ya maji

Kila siku saa kumi na moja ya alfajiri, mtaani Kyeshero mjini Goma, msichana mmoja wa miaka 12 alikuwa akichukua bidoni tupu ya lita 20 na kushuka ziwani. Njia ni ya mawe meusi ya volkano, yale yanayokula kambambili kwa mwezi mmoja. Akifika anapanga foleni, anavoma, anafunga bidoni mgongoni, kamba inapita kwenye kipaji cha uso, kisha anapanda. Kwenda na kurudi ni saa nzima. Safari mbili asubuhi, safari mbili jioni. Bidoni nne kwa siku, na nyumbani wanamngoja watu nane.

Nyumba hiyo si ya mama yake. Ni ya mjomba wake, motari anayesafirisha abiria kati ya Kyeshero na katikati ya mji. Mke wa mjomba anauza sambaza kwenye soko la Kituku. Wana watoto wanne. Mama ya msichana ni dada ya motari. Alikuwa mkulima wa maharagwe na mahindi Kiwanja, wilayani Rutshuru, na alikimbia mwishoni mwa Oktoba 2022 wakati waasi wa M23 walipoingia kule. Alipita na watoto wake wawili hadi Kanyaruchinya, wakalala chini ya shiti pamoja na maelfu ya wengine, mpaka kaka yake alipokuja na moto yake na kumwambia: « Dada, twende nyumbani. Penye wanalala watu sita, watalala tisa. »

Hakuna aliyewahi kuketi na kusema kwamba kazi ya maji ni ya msichana yule. Ilijipanga yenyewe. Mgeni akiona mwenyeji anahangaika, anamtuma mtoto wake. Mwenyeji akikuta maji yameshafika, anashukuru na kwenda sokoni. Miezi ikapita hivyo. Shule zilipofunguliwa Septemba 2023, watoto wote wa nyumba waliandikishwa, na msichana naye aliingia mwaka wa tano wa msingi. Lakini mwalimu alianza kuandika jina lake kati ya wanaochelewa, halafu kati ya wasiofika.

Mama yake aliona. Alinyamaza. Mtu anayekula chakula cha wifi yake hachagui kazi.

Kwa nini mji ulio kando ya ziwa una kiu

Mgeni anayefika Goma kwa mara ya kwanza hushangaa. Ziwa liko pale, samawati, pana kuliko macho. Kwa nini watu wanauziwa maji?

Jibu liko chini ya miguu. Goma imejengwa juu ya lava. Mawe hayo yana matundu, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, haikai juu. Ndani ya mji hakuna mito ya kuchota wala chemchemi kama zile za Rutshuru au Masisi. Kuchimba kisima kwenye mwamba huo si kazi ya jembe. Hivyo maji ya mji lazima yavutwe kutoka ziwani kwa mashine, yapandishwe kwenye matangi yaliyo juu, yawekwe dawa, ndipo yashuke kwenye robine. Umeme ukikatika, mashine zinasimama. Bomba likipasuka, mitaa ya juu inakauka kwanza.

Na volkano nayo ina lake. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Mei 22, 2021 ilishuka tena, ikaharibu bomba na tangi kubwa, na watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji ya robine. Tangu vita vilipoanza upya, mji umepokea pia familia nyingi zilizokimbia Rutshuru, Nyiragongo na Masisi. Robine ni zile zile, midomo imeongezeka.

Ndiyo maana Goma ina watu wa chukudu. Gari hilo la mbao la magurudumu mawili, ambalo mjini limesimamishiwa hata sanamu, hubeba viazi, makala, mbao, na bidoni za maji zilizofungwa kwa mpira. Mwenye chukudu huchota ziwani au kwenye robine, kisha huzunguka avenue kwa avenue. Pale ambapo chukudu haitoshi, kuna malori yenye tangi. Katika kambi kama Kanyaruchinya ilivyokuwa, ambako ziwa lilikuwa mbali na bomba hazikufika vizuri, mashirika ya misaada yalipandisha maji kwa malori na kuyamimina ndani ya matangi ya mpira.

Mama yule wa Kiwanja anayakumbuka malori hayo. « Siku lori likipanda, tunaimba, » anasema. « Siku lisipopanda, unaona mistari ya bidoni tupu, zimefungwa kamba ili mtu asipoteze nafasi yake. Bidoni zinapanga foleni, wenyewe wamelala. » Kwao Kiwanja, anasema, hakuwahi kutoa franga hata moja kwa ajili ya maji ya kunywa.

Ugonjwa wa mtoto

Oktoba mwaka huo, mtoto wa mwisho wa nyumba, kijana wa miaka mitatu, aliamka akiendesha. Hadi saa nne alikuwa ameharisha mara sita, macho yameingia ndani, na ukivuta ngozi ya tumbo lake hairudi haraka. Mama yake alikuwa Kituku tangu alfajiri. Wifi ndiye aliyembeba mgongoni na kukimbia naye hadi kituo cha afya.

Katika mji wa Goma, neno kuhara halichukuliwi kwa mchezo. Wazee wanakumbuka Julai 1994, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu katika siku chache, wakachota ziwani bila dawa, na kipindupindu, au kolera kama wengi wanavyosema, kikaua makumi ya maelfu ndani ya wiki chache. Mwamba ni mgumu, makaburi hayakuchimbika. Tangu wakati huo kila mzazi anajua kwamba ugonjwa huu unaweza kumaliza mtu mzima kati ya asubuhi na jioni, kwa sababu unamkausha.

Kwa bahati, vipimo vilionyesha kwamba mtoto hakuwa na kolera. Alinyweshwa maji ya ORS kijiko kwa kijiko, akapewa vidonge vya zinki vya kuendelea navyo kwa siku 10 hadi 14, na jioni akaanza kulia kwa machozi. Wauguzi hufurahia machozi hayo, maana mwili uliokauka haulii machozi.

Muuguzi alimuuliza mama yule maswali. Hakuanza na « munavoma wapi? » Alianza hivi: « Mama, maji ya kunywa munayaweka wapi nyumbani? Na mtoto akitaka kunywa, anayatoa na nini? »

Akajibu ukweli. Maji yanamiminwa ndani ya ndoo kubwa isiyo na kifuniko, na kikombe kinaning'inia pembeni. Kila mtu anachovya.

Muuguzi akatikisa kichwa, akaandika.

Mwenye nyumba aliporudi kutoka sokoni na kukuta habari hizo, alilia kwanza, halafu akakasirika, na hasira yake ikaangukia ziwa. « Ni maji yale! » alisema. Usiku ule aliamua moyoni mwake: fedha za AVEC zikigawanywa, atanunua kichujio.

Fedha za AVEC

AVEC ni kikundi cha kuweka akiba pamoja. Katika mitaa ya Goma karibu kila avenue ina kimoja: akina mama wanakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa kadiri ya uwezo wake, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanafungua sanduku na kugawana. Mama wa sambaza alikuwa ameweka akiba mwaka mzima. Novemba sanduku lilifunguliwa.

Kwa kuwa bei za Goma hupanda na kushuka na dola, mwenyewe alipenda kuhesabu kwa bidoni. Fungu lake lilitosha kununua bidoni 180 za chukudu. Muuzaji wa vichujio, mwenye duka dogo karibu na barabara ya lami, alitaka bei ya bidoni 160 kwa kichujio kimoja: ndoo mbili zimepandana, ndani mna chungu cha udongo uliochomwa, chini robine ndogo.

« Mama, hiki ukikinunua leo umemaliza shida ya maji, » muuzaji alimwambia. « Unachota ziwani bure, unamimina, unakunywa. Wa chukudu wanakula fedha yako kila siku, na kesho huoni kitu. »

Hesabu yake ilikuwa na nguvu. Bidoni 160 zinakwisha. Kichujio kinabaki. Mama alimwambia amuwekee kimoja hadi Jumatatu.

Mazungumzo ya Jumapili

Jumapili baada ya ibada, walipokwisha kula fufu na sombe, mama alitangaza habari ile mbele ya wote. Mume wake alifurahi. Alisema ni jambo la akili, kuliko kuwapa watu wa chukudu. Wifi alisema: « Mungu akubariki, wifi, » akatazama chini.

Msichana alikuwa akiosha sahani mlangoni. Aliuliza bila kuinua kichwa, kama mtoto anayetaka tu kujua:

« Tantine, kichujio kile kitakuwa kinaenda chenyewe ziwani? »

Mama yake alimkemea papo hapo. « Nyamaza! Unajibu wakubwa namna hiyo? »

Lakini mwenye nyumba hakucheka wala hakukasirika. Alikaa kimya muda mrefu. Baadaye alieleza kwamba wakati ule aliiona shingo ya msichana, mahali kamba inapopita nyuma ya masikio, ngozi imekuwa nyeusi. Alikuwa akiiona kila siku. Siku hiyo ndiyo aliitazama.

« Wifi, » alisema, « mtoto huyu anaenda shule mara ngapi kwa wiki? »

« Anaenda. »

« Nimeuliza mara ngapi. »

« Mbili. Wiki nyingine tatu. »

« Na ulinyamaza? »

« Wifi, ningesema nini? Tuko kwenu. »

Motari alitaka kuingilia, akakosa neno. Ni yeye aliyesema kwamba penye wanalala sita watalala tisa. Hakuwa amesema nani atavoma kwa watu tisa.

Ndipo wifi, kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguka, akatoa na jambo la pili alilokuwa amelifunika. Alirudia swali la muuguzi, neno kwa neno. « Hakuuliza ziwa, wifi. Aliuliza ndoo na kikombe. Nilikuambia siku ile lakini ulikuwa na uchungu, hukunisikia. »

Maswali mawili yaliyofungwa pamoja

Familia nyingi za Goma, za wenyeji na za waliokimbia vita, hujikuta mbele ya uchaguzi huu na kuuona kama uchaguzi mmoja: kununua kichujio au kulipa mtu alete maji. Ukiufungua, unakuta ndani yake maswali mawili. La kwanza ni wingi: maji yanatosha? La pili ni usafi: maji yanayoingia mdomoni ni salama? Kichujio kinajibu la pili tu. Chukudu na lori vinajibu la kwanza, na mara nyingine nusu ya la pili.

Kuhusu wingi, kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada wakati wa dharura ni angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kwa watu tisa ni lita 135, karibu bidoni saba. Nyumba ile ilikuwa ikipata bidoni nne, yaani lita 80, chini ya lita 9 kwa kila mtu. Maji yakipungua, kitu cha kwanza kuachwa ni kunawa mikono. Mama anaacha kunawa baada ya kumtawaza mtoto, kisha anashika unga. Hivyo nyumba inaweza kuwa na maji safi ya kunywa na bado ikahara, kwa sababu maji ya kunawa hayapo.

Kuhusu usafi, kichujio cha udongo kinafanya kazi ya kweli. Matundu yake ni madogo kiasi kwamba bakteria nyingi, pamoja na ile ya kolera, hazipiti vizuri. Kinakamata hata vijidudu fulani vyenye ganda gumu ambavyo klorini inashindwa kuviua. Ila kina mipaka, na ni vema mnunuzi aijue kabla ya kutoa fedha. Kinapitisha polepole, lita moja hadi tatu kwa saa, kwa hiyo bidoni moja inachukua mchana mzima. Virusi ni vidogo zaidi, vingine vinapita. Maji yenye matope yanakiziba. Lazima kisuguliwe kwa brashi safi, bila sabuni. Kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, kinabaki chungu cha kawaida. Na maji yakishatoka humo hayana ulinzi: mkono mchafu ukiingia ndani ya chombo, yanachafuka upya.

Tena kichujio cha aina hiyo hakiondoi floridi. Hili ni jambo la kuangalia hasa kwa wanaokinga mvua karibu na Nyiragongo. Mvua inayopita katika moshi wa volkano hubeba asidi na floridi, na floridi ikizidi kwa miaka huharibu meno ya watoto. Maji ya bati yanafaa kufua na kusafisha nyumba. Kuyachuja hakuyafanyi ya kunywa.

Maji ya kuletewa nayo yana mazuri yake. Yanafika mlangoni, yanaokoa saa za mtoto na mgongo wa mama. Lakini mnunuzi hajui daima yametoka wapi. Bidoni mbili za manjano zinafanana, moja imejazwa kwenye robine, nyingine imejazwa ukingoni mwa ziwa ambako watu wanafua na kuoga. Bidoni iliyobeba mafuta ya taa haifai hata ikioshwa. Na maji ya kuletewa hukoma siku fedha inapokoma, iwe fedha ya familia au fedha ya shirika linalolipia malori.

Kati ya hayo mawili kuna njia ya tatu ambayo wengi wanapita mbele yake bila kusimama. Katika sehemu kadhaa za kuvoma kando ya ziwa, hasa wakati wa kolera, hukaa watu wa kujitolea wenye chupa na sindano isiyo na ncha. Bidoni ikitoka majini, wanatia ndani kipimo cha klorini. Bure. Mwenye bidoni anatakiwa kungoja dakika 30 kabla ya kunywa, na dawa inayobaki ndani ya maji inaendelea kuyalinda njiani na nyumbani. Kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita kinachobaki kinatosha. Wafanyakazi wa afya hukipima kwa kidonge kidogo: maji yakigeuka pinki, dawa ipo, yakibaki meupe, ulinzi umekwisha. Maji yenye matope lazima yatulie kwanza na yapitishwe kwenye kitambaa safi, maana uchafu unakula dawa.

Wengine hawapendi harufu yake. Muzee mmoja wa avenue ile husema maji ya klorini yanamkumbusha hospitali. Lakini maji yakiachwa saa chache ndani ya chombo kilichofunikwa, harufu hupungua.

Na kuchemsha? Kunaua vijidudu vya magonjwa. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yakitokota kwa dakika moja inatosha. Juu ya mita 2,000 inahitajika dakika 3. Shida ni makala. Nyumba inayopika mara moja kwa siku kwa sababu gunia limepanda bei haitachemsha lita 20 za kunywa.

Hesabu mpya

Jioni ile ya Jumapili walichukua daftari la msichana na kuandika upya. Waligundua jambo ambalo muuzaji wa kichujio hakulisema wala wao hawakulifikiria: si maji yote ya nyumba yanayohitaji kusafishwa kwa kiwango cha kunywa. Watu tisa wanakunywa bidoni moja na kidogo kwa siku. Yanayobaki ni ya kuoga, kufua na kupikia maharagwe yanayotokota saa tatu.

Wakaamua hivi. Kichujio kingoje. Katika fungu la bidoni 180 watatoa thamani ya bidoni 30: ndoo mbili zenye kifuniko na robine, chupa ya klorini ya nyumbani, sabuni na brashi ya kuoshea bidoni. Bidoni 150 zinazobaki zitalipwa kwa chukudu, tatu kila siku ya shule. Ni bidoni 15 kwa wiki, wiki kumi. Na si chukudu yoyote: walichagua kijana mmoja wa avenue yao ambaye hukubali kupitisha bidoni zake kwa watu wa klorini na kuzifunga kwa vifuniko.

Motari naye aliandikwa. Kila usiku, akirudi, apite ziwani na kurudi na bidoni mbili nyuma ya moto. Alijaribu kukataa. « Moto ni ya patron, » alisema, « akiona imelowana ataninyang'anya. »

« Baba watoto, » mke wake alimjibu, « kila siku inabeba magunia ya watu. Itabeba na maji ya watoto wako. »

Bidoni ya sita ilipewa mtoto wao wa kiume wa miaka 14, ambaye tangu azaliwe hakuwa amevoma kwa sababu, walisema, maji ni kazi ya wasichana. Alinuna siku mbili.

Sita mara ishirini ni lita 120. Kwa watu tisa ni lita 13 na kidogo. Hawajafika 15. Mvua ikinyesha, maji ya bati yanajaza pengo la kufua.

Jumatatu asubuhi mama alipita kwa muuzaji na kumwambia asimuwekee tena. Muuzaji alikasirika, akamwambia atajuta. Inawezekana. Wiki kumi si mwaka, na bei ya chukudu haimngoji mtu. Mwenyewe anasema mzunguko mpya wa AVEC ukifika mwisho, kama Kyeshero itakuwa bado na amani, atanunua kichujio kile na kukiweka juu ya meza kando ya zile ndoo. Hakukikataa. Alikipanga nyuma ya jambo lililokuwa mbele yake.

Muuguzi wa kituo cha afya, alipoelezwa uamuzi huo, aliwasifu kwa kikombe kuliko kwa yote. Sasa hakuna anayechovya. Kila mtu anafungua robine. Kwa familia zilizo katika hali kama hiyo, na hasa zile zilizo chini ya mashiti kambini, anarudia mambo machache: chagua chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, kioshe kila wiki, usiache nafasi ya sindano ya klorini ikupite kwa sababu ya haraka, soma kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, maana dawa hazilingani nguvu, na mtoto akianza kuhara, usingoje kesho. Kama ORS haipo, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha, vinaweza kumshikilia njiani kuelekea kituo cha afya.

Wiki ya tatu ya mpango huo, mwalimu wa mwaka wa tano alimwita mama wa Kiwanja. Alienda akiwa na hofu, akidhani ni habari za michango. Mwalimu alitaka tu kujua kama binti yake ni yule yule. Alikuwa amefika siku kumi na tano mfululizo, na saa ya hesabu alikuwa ameanza kuinua mkono.

Siku ile kijana wa chukudu alichelewa, gurudumu lilikuwa limevunjika karibu na Kituku. Bidoni tatu tupu zilibaki mlangoni. Msichana alipotoka na begi lake, alizitazama, akasimama, akaanza kuvua begi.

« Wewe, » Tantine wake alimwambia kutoka ndani, « pita. »

Akachukua mwenyewe bidoni moja, wifi akachukua ya pili, wakashuka ziwani pamoja.